Lugha Moja, Dola Mbili

Katika wageni wote waliofanya makazi Uingereza, Mmarekani, hususan aliye mweupe wa rangi, ndiye mgeni asiyetazamwa. Mhindi, Mnaijeria na Msomali huulizwa atokako hata kabla hajafungua kinywa. Mmarekani hupita njiani kama mwenyeji, husoma vibao vyote bila ya mkalimani, hununua gazeti lake na kupanda basi, na hakuna ampaye jicho la pili mpaka pale atakapotamka neno. Sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu katika England na Wales pekee watu zaidi ya laki moja na nusu waliozaliwa Marekani. Huo ni umati wa kutosha mji mzima, walakini hauna mtaa wake wala soko lake.

Safu hii leo yataka kuwatazama watu hao ndani ya nyumba zao. Hatuwakusudii mabalozi wala wakubwa wa mabenki, ambao kila jambo lao lina karani wa kulitengeneza. Twamkusudia mwalimu, muuguzi, fundi wa mitambo, na zaidi ya wote yule aliyeolewa huko. Wamo miongoni mwa wasomaji wetu maofisa wanaozishika kanuni za uhamiaji na uraia, na wamo wazazi ambao watoto wao wameoa au kuolewa ng'ambo. Huenda kila mmoja akaliona humu jambo analolijua.

Tujenge mfano, pasipo kumtaja mtu: mama mzaliwa wa jimbo la Ohio, mumewe Mwingereza, watoto wawili, makazi yao mji wa Leeds. Mama wa mama huyo, mjane, amebaki Ohio.

Tuanze na lugha, maana ndiyo inayohadaa. Mama yule alifika akiamini kwamba jambo moja angalau hatakuwa na haja ya kujifunza. Haikupita wiki ila alimwambia mwalimu, mbele ya wazazi wengine langoni mwa skuli, kwamba ‘pants’ za mwanawe zimeingia matope. Kwa Mmarekani neno hilo ni suruali. Kwa Mwingereza ni chupi. Akaagiza ‘biscuit’ akidhani ataletewa mkate mdogo mlaini wa kuliwa na mchuzi, akaletewa kitu kikavu kitamu cha kuchovya katika chai. Akaomba ‘chips’, akapewa viazi vya moto badala ya vile vikavu vya pakiti. Hapa sisi hatuna budi kuwa upande wa Mwingereza, kwa kuwa neno letu la chipsi tulilitwaa kwake. Na ndiyo hali moja katika kuhesabu ghorofa, kwani kwetu na kwake ghorofa ya kwanza ni ile ya kupandia ngazi, na kwa Mmarekani ni ile anayoingilia kutoka njiani.

Haya ni ya kuchekesha. Yapo yenye madhara. Waingereza huandika tarehe kwa kuanza na siku, Wamarekani kwa kuanza na mwezi, na kadi ya chanjo iliyoandikwa 5/6 yaweza kumfikisha mama hospitali mwezi mzima kabla ya siku yake. Tena kuna maneno yaliyo sawa kwa herufi na sawa kwa matamshi, yakapishana kwa uzito. Mwalimu wa Kiingereza akisema kwamba kazi ya mtoto ni ‘quite good’, mama wa Kimarekani hurudi nyumbani kwa furaha, kwa kuwa kwao maneno hayo husifu; mwalimu alikusudia kusema kwamba yaridhisha, basi. Huyu anaweza kukaa mwaka mzima hajui kwamba mwanawe anahitaji kusaidiwa hesabu. Na jirani anayemwuliza kila asubuhi kama yu sawa humtia wasiwasi kwamba labda ameonekana mgonjwa, mpaka anapofahamu kwamba hiyo ni salamu tu, mfano wa hujambo yetu, isiyongojea orodha ya mambo.

Kisha watoto. Wao hawana shida na lugha hata kidogo, na hiyo ndiyo shida. Mtoto huanza darasa la kuingilia akiwa na umri wa miaka minne, wakati mwenziwe wa Ohio huingia na mitano, na katika muda wa miezi michache hurudi nyumbani na matamshi ya Yorkshire. Mama humsikia mwanawe akimwita ‘mum’, si ‘mom’ kama yeye alivyomwita mama yake. Ni herufi moja. Lakini Siku ya Mama huko Uingereza huangukia Jumapili ya nne ya Kwaresima, yaani aghalabu mwezi wa Machi, na Marekani ni Jumapili ya pili ya Mei. Mwezi wa Mei maduka ya Leeds hayana kadi hata moja. Basi binti mwenye akili huinunua kadi mwezi wa Machi, akaiweka ndani ya saraka miezi miwili, akaigeuza kwa kalamu ile herufi ya kati, akaipeleka posta.

Kuhusu nyumba yenyewe hatutasema mengi. Ni ndogo kuliko aliyoizoea, mashine ya kufulia nguo imo jikoni, na kuna mabeseni ambayo bado bomba la maji ya moto liko mbali na bomba la maji ya baridi, hata mwenye kunawa achague baina ya kuungua na kuganda. Umeme ni wa volti 230, kwao ni 120, na kila aliyechukua mashine ya kukorogea unga kwa sababu alipewa na mama yake siku ya harusi ameijua tofauti hiyo kwa harufu ya moshi.

Barabara ni jambo zito zaidi. Leseni ya Marekani humruhusu mkaazi kuendesha Uingereza kwa miezi 12 tu, kisha atahiniwe upya kama kijana wa miaka 17, kwa kuwa hakuna mapatano ya kubadilishana leseni baina ya nchi hizo mbili, ingawa Uingereza inayo mapatano hayo na nchi nyingine kadhaa. Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa ni dharau. Tarehe 27 Agosti 2019, karibu na kituo cha kijeshi cha Croughton katika Northamptonshire, mwanamke wa Kimarekani, mke wa mtumishi wa serikali yake, alitoka kituoni na gari akashika upande wa kulia, kama mkono ulivyozoea tangu ujana wake. Kijana wa miaka 19 aliyekuwa juu ya pikipiki alikufa. Mwanamke yule aliondoka nchini kwa hoja ya kinga ya kibalozi, na mzozo ukafika baina ya wakuu wa serikali mbili. Mwezi wa Oktoba 2022 alikiri kosa la kusababisha kifo kwa uendeshaji wa uzembe, na Disemba mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miezi minane kilichoahirishwa, naye akiisikia hukumu kwa njia ya video kutoka Marekani. Mazoea ya mkono hayaulizi pasipoti.

Kwa kuwa tumekitaja kituo cha kijeshi, yapasa tuseme kwamba wako Wamarekani wa namna nyingine kabisa. Katika mkoa wa Suffolk, kwenye viwanja vya ndege za kivita vya Lakenheath na Mildenhall, wanajeshi na jamaa zao wanaishi pamoja na duka lao la kulipia kwa dola, na huko Lakenheath skuli yao ifundishayo mitaala ya Marekani. Mtoto aweza kukaa huko miaka mitatu na asijue kwamba ‘mum’ ni neno. Jamaa hao ni wageni wa mkataba baina ya serikali. Siku zao zikitimia huondolewa. Nani anayeonea mwenziwe wivu, yule wa kituoni au yule wa Leeds, ni jambo la kuwauliza wenyewe.

Turudi Leeds, na tuingie hospitali, maana hapo ndipo Mmarekani anaposhangaa kuliko pote. Huduma ya Taifa ya Afya ilianza tarehe 5 Julai 1948, chini ya waziri Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa wa Wales, kwa msingi kwamba mgonjwa atibiwe bila ya kulipa pale anapotibiwa. Mama wetu alizaliwa katika nchi ambayo bima ya afya aghalabu hufungamana na ajira ya mtu, na ambayo uzazi wa kawaida huleta nyumbani mtoto mmoja na hati nyingi za madai. Alipojifungua Leeds alihudumiwa na mkunga, na siku ya kuruhusiwa akasimama ukumbini na mkoba wake akitafuta dirisha la malipo. Hakuna dirisha. Baadaye alikuja mkunga nyumbani kumtazama yeye na mtoto, kisha muuguzi wa watoto wachanga, naye akapewa kitabu chekundu cha kuandikia uzito na chanjo. Dawa za mtoto hazilipiwi. Na likizo ya uzazi kwa mwajiriwa ni wiki 52, katika hizo 39 zikiwa na malipo ya kisheria. Ilhali sheria ya taifa ya Marekani, ile ya mwaka 1993, yampa wiki 12 bila ya malipo, tena ikiwa mwajiri wake ni mkubwa wa kutosha.

Lakini haifai kuelezea nusu. Tangu mwaka 2015 mgeni anayeomba kibali cha kukaa zaidi ya miezi sita hulipa kwanza ada ya afya, na tangu Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa kibali, na yote hudaiwa kwa mkupuo. Mwenye kuja kwa ndoa, ambaye kibali chake cha mwanzo hukaribia miaka mitatu, hulipa pauni 3,105 kabla hajakohoa. Akianza kazi, hukatwa kodi na bima ya taifa kama mwenyeji yeyote. Kwa hivyo yule mama aliyekuwa akitafuta dirisha la malipo ukumbini alikwisha lipa. Dirisha lake lilikuwa katika ofisi ya viza.

Na viza yenyewe si jambo la kupewa kwa sababu ya udugu wa mataifa. Mwingereza anayetaka kumleta mke au mume kutoka nje sharti aonyeshe kipato. Kiwango kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka tangu 2012, na Aprili 2024 kilipandishwa hadi pauni 29,000. Mke wa mpishi na mke wa daktari wanapimwa kwa fimbo hiyo hiyo, na mapenzi hayaingii katika hesabu. Baada ya miaka mitano huomba ukaazi wa kudumu, naye hufanya mtihani wa maswali 24 juu ya historia na desturi za Uingereza, ambao wapo Waingereza wengi waliozaliwa humo wasioweza kuufaulu bila ya kusoma. Jambo moja Mmarekani husamehewa: mtihani wa Kiingereza.

Hata kuzaliwa hakutoshi. Marekani, kwa Rekebisho la 14 la Katiba yake lililopita mwaka 1868, ilimfanya raia mtoto azaliwaye katika ardhi yake. Uingereza iliiacha njia hiyo tarehe 1 Januari 1983. Tangu siku hiyo mtoto anayezaliwa London na wazazi wawili wa Kimarekani wenye vibali vya muda si Mwingereza, hata kama hajapata kuona ardhi nyingine. Akikaa nchini mpaka miaka kumi, aweza kuandikishwa. Mtoto wetu wa Leeds hana tabu hiyo kwa kuwa baba yake ni Mwingereza wa kuzaliwa nchini. Tabu yake yatoka upande wa pili.

Na huu upande wa pili ndio uliotufanya tukaandika. Katika lugha yetu neno dola lina maana mbili, ya mamlaka na ya fedha, na hakuna raia duniani ambaye maana hizo mbili zimemfuata mpaka jikoni kama Mmarekani. Mataifa takriban yote humtoza mtu kodi kwa mujibu wa makazi yake. Marekani humtoza raia wake popote alipo, kwa kipato popote kilipopatikana, na ni Eritrea inayojulikana kuwadai vivyo hivyo raia wake walio nje, asilimia 2 ya mapato yao. Jambo hili lilianza katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya miaka ya 1860, wakati raia aliyekaa ng'ambo alihesabiwa kuwa amewakimbia wenziwe katika dhiki. Vita vilikwisha, wazo hilo likabaki. Mwaka 1924 Mahakama ya Juu, katika shauri la Cook dhidi ya Tait, liliomhusu raia aliyekuwa akiishi na kuchuma Mexico, iliamua kwamba serikali yake inayo haki ya kumtoza, kwa kuwa ulinzi wa dola haukomi mpakani.

Sasa tumtazame mama yule mezani pake usiku, watoto wamekwisha lala. Mwaka wa kodi wa Uingereza hufungwa tarehe 5 Aprili, mabaki ya mageuzi ya kalenda ya mwaka 1752 zilipokatwa siku 11. Mwaka wa kodi wa Marekani hufungwa mwisho wa Disemba, na hesabu hutakiwa tarehe 15 Aprili, walio nje wakiongezewa mpaka 15 Juni. Kwa hiyo karatasi za mshahara alizopewa na mwajiri wa Leeds hazilingani na miezi inayoulizwa Washington, na kila pauni haina budi kugeuzwa dola. Aghalabu mwisho wa kazi hiyo hakuna kodi anayodaiwa, kwa sababu kodi aliyolipa Uingereza hukubaliwa. Lakini kutodaiwa si kusamehewa kuandika. Raia aliyeolewa na mgeni, akitoa hesabu peke yake bila ya mumewe, hulazimika kuitoa iwapo kipato chake cha mwaka kimefika dola 5. Hatukukosea kuandika, ni dola tano.

Kisha mabenki. Sheria ya mwaka 1970 yamtaka raia aripoti akaunti zake za nje iwapo jumla yake imepita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, nayo yahusu hata akaunti ya pamoja. Basi mume, ambaye hajapata kukanyaga Marekani ila kwa kumposa mkewe, akiba yake yaandikwa katika daftari la Hazina ya nchi isiyomhusu. Mwaka 2010 ikaja sheria iitwayo FATCA, inayoyataka mabenki ya dunia nzima yawataje wateja wao wa Kimarekani, na Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kutia saini mapatano ya kuitekeleza, Septemba 2012. Lengo lilikuwa matajiri wanaoficha mali, na lengo hilo hatuna la kulilaumu. Walakini nyavu zilizofumwa kwa ajili ya papa zimeingia dagaa. Zipo benki zilizoona ni nafuu kumkataa mteja Mmarekani kuliko kujaza fomu zake. Na faini kwa asiyeripoti, hata asiyekusudia, hufika dola 10,000 na zaidi. Februari 2023 tu ndipo Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilipoamua kwamba faini ya asiyekusudia ihesabiwe kwa ripoti moja, wala isiwe kwa kila akaunti.

Babu wa Leeds, baba wa mume, alitaka kumfungulia mjukuu wake akaunti ya akiba, ile iitwayo ISA, ambayo faida yake Serikali ya Uingereza haiigusi. Ni zawadi ya kawaida kabisa ya babu wa Kiingereza. Mama akakataa kwa haya, na babu akahuzunika akidhani mkwewe ni mwenye kiburi. Atamwelezaje mzee kwamba Marekani haiitambui akaunti hiyo, na kwamba faida isiyotozwa kodi Leeds itaandikwa kwa dola Washington kwa jina la mtoto asiyejua bado kufunga kamba za viatu?

Kwani mtoto naye ni raia. Mzazi mmoja akiwa Mmarekani, naye kabla ya uzazi amewahi kuishi Marekani miaka mitano, miwili katika hiyo ikiwa baada ya kutimiza miaka 14, mtoto wake azaliwaye ng'ambo ni Mmarekani tangu pumzi ya kwanza. Kwenda ubalozini kumwandikisha ni kuuthibitisha uraia, kutokwenda hakuufuti. Na sheria yamtaka raia aingie Marekani kwa pasipoti ya Marekani, kwa hivyo hakuna njia ya kumpeleka kwa bibi yake kwa siri. Anayetaka kumwona bibi sharti aonekane kwanza na dola.

Mtu aweza kusema, aukane uraia, yaishe. Boris Johnson alizaliwa New York mwaka 1964, akaondoka angali mtoto wa miaka mitano. Alipokuwa Meya wa London aliuza nyumba yake, na Marekani ikamdai kodi ya faida ambayo kwa sheria ya Uingereza haikuwapo. Mwaka 2014 alilalamika hadharani kwamba ni jambo la kuchukiza. Baadaye akalipa, na mwaka 2016 akaukana uraia huo. Miaka mitatu baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Lakini ada ya kuukana, iliyokuwa dola 450, ilipandishwa mwaka 2014 hadi dola 2,350, na mwenye kuukana hutakiwa athibitishe hesabu zake za kodi za miaka mitano. Zaidi ya fedha lipo jambo jingine. Mama wetu ana mama yake Ohio.

Hapa ndipo kanuni za dola zote mbili zinapokutana juu ya mwanamke mmoja mzee. Bibi aweza kuja kutembea, miezi sita kwa mwisho. Tangu Januari 2025 naye sharti apate idhini ya safari kabla ya kupanda ndege, kama wageni wengine wasiohitaji viza. Akiugua katika matembezi, dharura hutibiwa bure mlangoni mwa hospitali, lakini akilazwa hutozwa asilimia 150 ya gharama. Ama kuja kukaa kwa bintiye uzeeni, kanuni za Julai 2012 zataka ithibitishwe kwamba ahitaji mtu wa kumhudumia kwa muda mrefu katika mambo ya kila siku, na kwamba huduma hiyo haipatikani kwao hata kwa msaada wa fedha. Ohio ina nyumba za wazee kila kaunti. Nani atasimama mbele ya ofisa akasema hazipo? Binti aweza kuwa na chumba, na mume mwenye moyo mzuri, na kipato cha kutosha, na bado asiweze kumkalisha mama yake mezani pake. Na binti naye akirudi Ohio kumwuguza, akikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo, hupoteza ukaazi wake wa Uingereza ikiwa hajachukua uraia.

Kwetu sisi, ambao mzee hahamishwi ila kwa machela kutoka chumba kimoja cha nyumba hiyo hiyo, jambo hili ni gumu kulifahamu, na pengine ofisa aliyeiandika kanuni ile hakumfikiria Mmarekani hata mara moja alipokuwa akiiandika.

Inabaki Sikukuu ya Shukrani. Marekani huiadhimisha Alkhamisi ya nne ya Novemba, kwa sheria ya mwaka 1941, nayo kwa watu wengi wa nchi ile ni sikukuu ya jamaa kuliko zote. Uingereza siku hiyo ni Alkhamisi tu. Mama alitaka mwaka uliopita awapeleke watoto kwa bibi yao wiki ile. Katika skuli za England mtoto asipohudhuria kwa siku tano bila ya ruhusa, kila mzazi kwa kila mtoto aweza kutozwa faini ya pauni 80, inayorudufika isipolipwa katika wiki tatu. Na mwalimu mkuu haruhusiwi kutoa ruhusa ila kwa sababu isiyo ya kawaida. Sikukuu ya nchi nyingine haikuonekana kuwa ni sababu. Watoto wawili na wazazi wawili ni pauni 320, ukiongeza nauli ya watu wanne. Hawakwenda.

Basi alitafuta bata mzinga mwezi mmoja kabla Waingereza hawajaanza kumnunua kwa Krismasi, akalipata kopo la maboga kwa taabu katika duka la tatu. Akatoka kazini saa kumi na moja jioni, akaoka. Ohio iko nyuma kwa saa tano. Ilipokuwa saa mbili usiku Leeds, bibi alikuwa amekaa mezani saa tisa mchana na majirani wawili. Walipiga simu ya video. Mtoto mkubwa, angali katika sare ya skuli, alieleza habari za mchezo wa mpira, kwa haraka na kwa furaha, na bibi alitabasamu na kutikisa kichwa mpaka mwisho. Kisha akamgeukia bintiye akamwuliza kwa sauti ndogo mtoto amesema nini.